"NASOMA HAPA TANGU MWAKA 2022": TUISEME VIPI KWA KIINGEREZA?



Ndugu wasomaji, wanafunzi wetu pamoja na wazazi, katika ukurasa wa lugha wa mwaka huu tumeamua kulizungumzia jambo moja tu la sarufi ya Kiingereza. Jambo lenyewe ni kuchagua kati ya nyakati mbili ambazo vitabu vya shule huziita "Present Continuous" na "Present Perfect Continuous". Majina hayo ni marefu na huwatisha wengi. Hivyo basi, kwa ajili ya kurahisisha, sisi tutauita wa kwanza "wakati wa sasa hivi" na wa pili "wakati wa tangu hadi sasa". Mtihani ukija, mwanafunzi atumie majina ya kitabuni; haya yetu ni ya kufahamishana tu.

Huenda mzazi akauliza: jarida la madrasa na sarufi ya Kiingereza, wapi na wapi? Jibu letu ni fupi. Watoto hawa hawa wanaokuja madrasa jioni, asubuhi wako shule, na wakifika sekondari masomo mengi watasomeshwa kwa Kiingereza. Wala kujifunza lugha za watu wengine si jambo geni kwetu. Zayd bin Thabit (R.A.) aliamrishwa na Mtume (S.A.W.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayajua kwa muda wa takriban nusu mwezi. Basi tusione uzito kukaa na sarufi kwa dakika chache.

1. KOSA LENYEWE NA LINAPOTOKA

Mpe mwanafunzi sentensi hii aitafsiri: "Nasoma katika madrasa hii tangu mwaka 2022." Wengi wataandika hivi:

"I am studying in this madrasa since 2022."

Ukiitazama, kila neno limo na hakuna lililosahauliwa. Hata hivyo mwalimu ataipiga mstari mwekundu, na ana haki. Inavyotakiwa ni hivi:

"I have been studying in this madrasa since 2022."

Sasa kwa nini kosa hili linatushika sana sisi? Sababu ni lugha tunazotoka nazo nyumbani. Katika Kiswahili, kiambishi -na- kinabeba mizigo miwili kwa pamoja. Tunasema "Nasoma, usinisemeshe", tukikusudia sasa hivi, kitabu kiko mkononi. Na tunasema "Nasoma hapa tangu mwaka 2022", tukikusudia jambo lililoanza zamani na bado linaendelea. Kitenzi ni kile kile, "nasoma". Kazi yote ya kuonesha muda inafanywa na neno "tangu".

Kweli tunayo pia kauli ya "nimekuwa nikisoma", nayo inakaribiana sana na hiyo ya Waingereza. Lakini kauli hiyo huisikia zaidi redioni na katika magazeti. Nyumbani mtu akiulizwa atajibu, "Nasoma pale, huu mwaka wa tatu sasa", na ameeleweka.

Mwanafunzi wa madrasa anayo sababu nyingine ya pili, nayo ni Kiarabu. Katika darasa la lugha tumefundishwa kusema "Adrusu huna mundhu sanatayn". Adrusu ni nasoma, huna ni hapa, mundhu ni tangu, sanatayn ni miaka miwili. Angalia: Kiarabu nacho kimetumia mudhari, kitenzi cha sasa, kama vile Kiswahili. Kwa hiyo lugha zetu mbili zinakubaliana katika jambo hili, na Kiingereza ndicho kinachokwenda njia yake. Ukilijua hilo hutaona tena kuwa kosa lako ni la ujinga. Umefuata kanuni sahihi, isipokuwa ni kanuni ya lugha nyingine.

2. MAUMBO YA NYAKATI HIZI MBILI

Wakati wa sasa hivi una sehemu mbili: "am", "is" au "are", kisha kitenzi chenye "-ing".

"I am reading." Ninasoma.
"She is cooking." Anapika.
"They are playing." Wanacheza.

Wakati wa tangu hadi sasa una sehemu tatu: "have" au "has", kisha "been", kisha kitenzi chenye "-ing".

"I have been reading since morning." Nasoma tangu asubuhi.
"She has been cooking for two hours." Anapika kwa saa mbili sasa.
"They have been playing all day." Wanacheza kutwa nzima.

Neno la kulikamata hapo ni "been". Ndilo linalotofautisha nyakati hizi mbili hata katika kusikiliza. Waingereza wanapozungumza hufupisha maneno, wakasema "He's waiting" na "He's been waiting". Hiyo "He's" ya kwanza ni "He is", na ya pili ni "He has", lakini sikio halisikii tofauti yoyote. Ukisikia "been" inafuatia, basi jua mtu anazungumzia muda uliokwisha kupita hadi sasa.

Katika kukanusha tunasema "I am not feeling well" kwa leo, na "I have not been feeling well since Friday" kwa jambo lililoanza Ijumaa. Katika kuuliza, tunatanguliza lile neno la mwanzo: "Are you waiting?" na "Have you been waiting long?"

3. SWALI MOJA LA KUJIULIZA

Kabla hujaandika, jiulize hivi: sentensi yangu inatazama sasa tu, au inageuka nyuma kutazama jambo lilipoanza?

Ikiwa inatazama sasa tu, tumia wakati wa sasa hivi. Mtu amebisha hodi, anamtaka baba. Unamjibu, "He is praying." Hukumwambia ameanza lini wala amechukua muda gani. Umemweleza hali ilivyo sasa.

Ikiwa sentensi ina jibu la "tangu lini?" au la "kwa muda gani hadi sasa?", tumia wakati wa tangu hadi sasa. Mtu yule yule anashangaa mbona baba hatoki. Hapo utamwambia, "He has been praying for half an hour." Baba ni yule yule na sala ni ile ile. Kilichozidi ni muda, na muda huo ndio uliobadilisha kitenzi.

Yapo maneno yanayokusaidia kutambua. Wakati wa sasa hivi hupenda kufuatana na "now", "at the moment" na "these days". Wakati wa tangu hadi sasa hufuatana na "since", "for", "all day", "lately" na swali la "how long". Hapa pana jambo la kuangaliwa. Sisi tukisema "siku hizi" tunaweza kukusudia "these days" au "lately", lakini Kiingereza kinazitenganisha: "He is working hard these days", lakini "He has been working hard lately". Maana zinakaribiana sana, ila kila neno lina kitenzi chake.

Na yapo maneno yanayokubali pande zote mbili, kama vile "today" na "this week". Hayo hayakusaidii kuchagua. Rudi kwenye lile swali letu.

4. "SINCE" NA "FOR"

Ukishachagua wakati, bado kuna mlango mmoja wa kupita. "Since" hutaja pale jambo lilipoanzia: saa, siku, mwezi, mwaka au tukio. "For" hutaja urefu wa muda wenyewe.

"since Monday", tangu Jumatatu; "for three days", kwa siku tatu.
"since Ramadhan", tangu Ramadhani. "For four months", kwa miezi minne.
"since I was a child", tangu nilipokuwa mtoto. "For many years", kwa miaka mingi.

Kosa la kawaida ni kusema "since two years" au "since a long time". Miaka miwili si pahala pa kuanzia, ni urefu. Sema "for two years" na "for a long time". Kosa jingine ni kutia "from" mahali pa "since", kwa vile sisi husema "kutoka asubuhi". Mtu husema "I am here from morning". Sahihi ni "I have been here since morning".

Tena tusisahau hesabu ya saa. Anayesema "Namngoja tangu saa mbili asubuhi" atasema kwa Kiingereza "since eight o'clock". Wapo wanafunzi waliopatia kitenzi na "since", kisha wakaandika "two o'clock", na alama ikapotea mwishoni.

5. HAPA KOSA LINAGEUZA MAANA

Baadhi ya watu husema: almuradi naeleweka, haya mengine ni mapambo. Mara nyingi ni kweli utaeleweka. Lakini ziko sentensi ambazo ukikosea kitenzi hutaonekana umekosea. Utaonekana umesema kitu kingine kabisa, na msikilizaji hatajua kuwa kuna la kukuuliza. Hizo ndizo za kuogopwa.

(a) Kwa daktari. Familia zetu nyingi hupata kusafiri na mgonjwa kwenda kutibiwa India, na huko lugha ya kuwasiliana na daktari ni Kiingereza. Aghalabu kijana wa sekondari ndiye anayefanywa mkalimani wa mama au bibi yake. Daktari anauliza habari ya vidonge. Kijana anajibu:

"She is taking these tablets for two weeks."

Yeye anakusudia kusema kuwa bibi anavimeza tangu wiki mbili zilizopita na hajapata nafuu. Lakini daktari anaweza kufahamu kuwa dawa hii imepangwa iwe ya wiki mbili, na labda imeanza jana tu. Atasema iendelee. Lau angesema:

"She has been taking these tablets for two weeks."

daktari angejua kuwa siku kumi na nne zimekwisha kupita na dawa haijasaidia. Huenda angebadilisha dawa au kuagiza vipimo. Tofauti ya sentensi hizo mbili ni "has been" mahali pa "is".

Vivyo hivyo kikohozi. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi ni miongoni mwa dalili zinazowafanya madaktari wataka mgonjwa apimwe kifua kikuu. Kwa hiyo anayemsemea mgonjwa inampasa aueleze muda kwa usahihi: "He has been coughing for three weeks." Akisema "He is coughing" na kunyamaza, amesema kuwa mgonjwa anakohoa, jambo ambalo daktari analisikia kwa masikio yake.

(b) Kwa ofisa wa uhamiaji. Msafiri anafika uwanja wa ndege wa ugenini, anaulizwa:

"How long are you staying here?"

Maana yake ni: utakaa hapa muda gani? Ofisa anataka kujua siku ya kuondoka. Lakini kama mtu amekwisha kuwa nchini siku kadhaa, anaweza kuulizwa:

"How long have you been staying here?"

Maana yake ni: umekaa hapa muda gani hadi leo? Maswali haya mawili yanafanana masikioni, na majibu yake ni tofauti kabisa. Aliyefika jana kwa ziara ya mwezi mmoja atajibu "one month" kwa swali la kwanza na "one day" kwa la pili. Akiyachanganya, atakuwa ametoa maelezo yasiyolingana na hati zake, hali hakukusudia udanganyifu wowote.

(c) Katika barua ya kuomba kazi. Mwombaji ameandika, "I am teaching Arabic for five years." Msomaji anaweza kudhani mtu huyu ana mkataba wa miaka mitano, na hajui umeanza lini. Ilhali mwombaji alitaka kutaja uzoefu wake. Angeandika "I have been teaching Arabic for five years", uzoefu wote wa miaka mitano ungeonekana kwa mstari mmoja.

Sababu ya mambo haya yote ni moja. Wakati wa sasa hivi katika Kiingereza hutumika pia kwa mipango ya mbele: "We are travelling to Mombasa on Saturday", yaani Jumamosi tunasafiri. Kiswahili chetu nacho hufanya hivyo hivyo. Kwa hiyo Mwingereza akisikia "is taking" pamoja na "for two weeks", fikra yake inakwenda kwenye mpango mzima, na unaingia humo muda ambao haujafika. Wakati wa tangu hadi sasa hauendi mbele kamwe. Unaishia leo.

6. KAZI ILIYOKOMA, ALAMA YAKE IMEBAKI

Umefungua mlango asubuhi. Matone yanaanguka mbele ya macho yako. Unasema, "It is raining." Siku ya pili unafungua mlango, mvua hakuna, lakini njia imejaa madimbwi na majani yanadondosha maji. Utasemaje? "It has been raining."

Kwa hiyo wakati wa tangu hadi sasa unafaa pia kwa jambo lililokoma punde hivi, ikiwa alama yake bado inaonekana. Mwalimu anaona mikono ya mwanafunzi imejaa wino, anauliza kulikoni. Jibu ni "I have been writing", ingawa kalamu ameshaiweka. Mama anamwona mtoto anahema: "Have you been running?" Sisi kwa Kiswahili husema "Ulikuwa unakimbia?" na ndiyo maana wengi huandika "Were you running?" Sentensi hiyo si kosa la sarufi, lakini inauliza habari ya wakati uliopita tu, na haiungi mbio na kuhema kunakoonekana sasa.

7. KIAMBISHI "-ME-" KINACHOTUDANGANYA

Wanafunzi hufundishwa mapema kuwa -me- ya Kiswahili ni "have" au "has" ya Kiingereza. Amefika, "He has arrived." Amekula, "He has eaten." Mpaka hapo ni sawa. Lakini Kiswahili kinatumia -me- pia kuelezea hali ambayo mtu yumo ndani yake sasa, na hapo Kiingereza hurudi kwenye "is" na "-ing":

Mtoto amelala. "The baby is sleeping."
Mwalimu amesimama mlangoni. "The teacher is standing at the door."
Babu amekaa barazani. "Grandfather is sitting on the baraza."
Amevaa kanzu nyeupe. "He is wearing a white kanzu."

Anayesema "The teacher has stood at the door" amefuata Kiswahili. Na ukiongeza muda kwenye hali hizo, ndipo "been" inaporudi: Mtoto amelala tangu saa saba mchana, "The baby has been sleeping since one o'clock." Kwa hiyo usiangalie kiambishi, angalia maana. Lile swali letu la sehemu ya tatu linatosha: sasa tu, au tangu lini?

8. VITENZI VISIVYOPENDA "-ING"

Viko vitenzi vya Kiingereza ambavyo havielezi kazi inayofanyika bali hali iliyo moyoni, akilini au katika umiliki. Miongoni mwavyo ni "know", "believe", "understand", "own" na "belong". Hivi kwa kawaida havitiwi "-ing" katika wakati wowote kati ya hizi mbili.

Usiseme "I am believing in Allah". Sema "I believe in Allah". Usiseme "I am knowing him". Sema "I know him". Na ukitaka kuongeza muda, ondoa "been" na "-ing" utumie kitenzi timilifu cha kawaida: "I have known him for ten years", namjua kwa miaka kumi.

"Have" yenye maana ya kumiliki imo humo humo. "I am having two brothers" ni kosa. Sema "I have two brothers". Lakini "have" yenye maana ya kula inakubali, "We are having lunch", kwa kuwa kula ni kazi inayofanyika.

Na kitenzi "be" hakitiwi "been being". Sema "I have been here since morning", basi. Mgonjwa naye atasema "I have been ill for three days". Hapo "been" ipo, na "-ing" haihitajiki.

Kwa upande mwingine, "live" na "work" zinakubali njia zote mbili. "We have lived in this town for ten years" na "We have been living in this town for ten years" zote ni sahihi. Usiumize kichwa kwa hizo.

9. UKITAJA IDADI

Jambo la mwisho ni dogo lakini mitihani hulipenda. Ukitaka kueleza kazi imechukua muda gani, tumia "been" na "-ing". Ukitaka kueleza umemaliza ngapi, usitumie.

"I have been memorising the Qur'an for two years." Nahifadhi Qur'ani kwa miaka miwili sasa.
"I have memorised five juz." Nimehifadhi juzuu tano.

Sentensi ya kwanza inaonesha safari, na ya pili inaonesha ulikofika. "I have been memorising five juz" inamfanya msikilizaji afikirie kuwa juzuu hizo tano bado hujazimaliza.

10. ZOEZI

Chukua daftari, ufunike majibu, na uzitafsiri sentensi hizi kwa Kiingereza. Wazazi nao wanakaribishwa.

1. Nyamazeni, babu anaswali.
2. Mama anapika tangu asubuhi.
3. Tunamngoja mwalimu kwa nusu saa sasa.
4. Kesho kutwa tunasafiri kwenda Pemba.
5. Dada amevaa kanga mpya.
6. Namjua imamu huyu kwa miaka mingi.
7. Mbona macho yako mekundu? Ulikuwa unalia?
8. Mtoto anahara tangu jana usiku.
9. Kaka yangu amehifadhi juzuu kumi.
10. Unaumwa tangu lini?

MAJIBU

1. "Keep quiet, Grandfather is praying." Sasa tu.
2. "Mother has been cooking since morning." Pana pahala pa kuanzia.
3. "We have been waiting for the teacher for half an hour." Usishangae kuona "for" mbili. Ya kwanza ni ya "wait", ya pili ni ya muda.
4. "We are travelling to Pemba the day after tomorrow." Mpango wa mbele.
5. "My sister is wearing a new kanga." Ile -me- ya hali.
6. "I have known this imam for many years." "Know" haitaki "-ing".
7. "Why are your eyes red? Have you been crying?" Kilio kimekoma, alama imebaki.
8. "The child has had diarrhoea since last night." Kiingereza hapa hutumia "have", yaani kuwa na ugonjwa, na hiyo haitiwi "-ing".
9. "My brother has memorised ten juz." Idadi.
10. "How long have you been ill?" Jibu lake huanza na "since" au "for".

Aliyepata nane na zaidi amefahamu. Aliyepata chini ya sita arudie sehemu ya tatu na ya nne, kisha afanye tena baada ya siku mbili. Wala asivunjike moyo.

Kwa wanafunzi wetu tunatoa nasaha moja. Kila siku andika sentensi mbili tu kuhusu nyumba yenu, moja ya sasa hivi na moja ya tangu hadi sasa. "My father is repairing the roof. He has been repairing it since Thursday." Katika mwezi mmoja utakuwa na sentensi sitini, zote za maisha yako mwenyewe, na ulimi utazizoea bila ya kukariri kanuni.

Na kwa wazazi: hata usipojua Kiingereza unaweza kusaidia. Muulize mtoto kwa Kiswahili, "Unafanya nini?" kisha "Tangu lini?", na umtake akujibu yote mawili kwa Kiingereza. Katika jibu la pili sikiliza neno moja tu, "been". Ukilisikia, aghalabu mwanao yuko njiani.